Mipangilio ya Hesabu Iwe ya Chama, Isiwe ya Karani

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari la Chama lilikuwa moja, la jalada gumu, na kila mwanachama akijua mahali likaapo. Leo daftari letu limo katika kompyuta, na kompyuta za ofisi ni tatu, zimeunganishwa kwa mtandao. Wengi wetu twadhani kwamba kwa kuwa zimeunganishwa, basi zahesabu kwa namna moja. Sivyo hivyo, na yafaa kila mwanachama alijue jambo hili, kwani lagusa fedha yake.

Msimu uliopita mwenzetu mmoja alileta karafuu zake ofisini, zikapimwa, zikaandikwa kilo 145. Kisha ikaonekana gunia moja limesahauliwa ukumbini. Likapimwa nalo, karani akasahihisha kilo zikawa 193, akapiga chapa stakabadhi. Kilo zilikuwa sahihi, lakini fedha iliyoandikwa chini ilikuwa ile ile ya kilo 145. Mzee wetu, ambaye huhesabu kwa kichwa tangu zama za pishi, aliitazama karatasi ile akairudisha dirishani. Karani wa pili alipoandika kilo zile zile katika kompyuta yake, jumla ikatoka sawa.

Hapakuwa na mwizi. Programu ya Excel, ambayo ndiyo lahajedwali letu, yaani jedwali la kuhesabia, ina mpango wa namna mbili: ama huhesabu yenyewe kila tarakimu ibadilishwapo, ama hungoja mpaka iamrishwe kwa kitufe cha F9. Na faili la kwanza kufunguliwa ndilo liamualo kwa mafaili yote yafunguliwayo baada yake, mpaka programu ifungwe. Asubuhi ile karani wetu alianza na faili lake la zamani, lililohifadhiwa kwa mpango wa kungoja. Mafaili yote mengine yakangoja pamoja nalo, na yeye hana habari.

Hilo ni moja. La pili ni tarehe. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani huisoma 3/8 kuwa ni tarehe 8 Machi. Iliyopangwa kwa desturi yetu huisoma kuwa ni tarehe 3 Agosti. Mzigo wa mtu waweza kuingizwa katika msimu usio wake kwa sababu ya mpangilio huo tu. La tatu ni mtindo wa kuhifadhia faili. Mtindo wa zamani wa Excel haupokei zaidi ya mistari 65,536, na mpya hupokea mistari 1,048,576. Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya ofisi ndogo kama yetu. Huko Uingereza, Oktoba 2020, ilitangazwa kwamba watu 15,841 waliopimwa wakakutwa na korona hawakuingia katika hesabu kwa wakati wake, kwa kuwa orodha zao zilitiwa katika faili la mtindo ule wa zamani, nalo lilijaa. Waliokaa na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa.

Sisi twaona kwamba mipangilio ni ya aina mbili, na haifai kuchanganywa. Iko ya raha ya karani: ukubwa wa maandishi, na vitufe apendavyo kuviona juu ya ukurasa. Hiyo ni yake, na hatuna haja ya kumwingilia. Lakini namna ya kuhesabu, namna ya kuandika tarehe, mtindo wa faili, na sura ya stakabadhi, hivyo ni mali ya Chama kama mizani ilivyo mali ya Chama. Hakuna karani aruhusiwaye kuja na mawe yake ya mizani kutoka nyumbani.

Njia ya kufanya si ngumu. Iwekwe folda moja katika mtandao wa ofisi. Ndani yake kiwemo kiolezo cha stakabadhi, ambacho kila kifunguliwapo hutoa nakala mpya na chenyewe kikabaki salama. Na liwemo faili la amri za mkato, zile ziitwazo makro, ambazo sasa kila karani anazo zake, zimekaa katika kompyuta yake peke yake. Excel ina mahali pa kuambiwa: kila uanzapo kazi, fungua mafaili yaliyomo katika folda fulani. Kompyuta zote tatu zielekezwe huko. Tarehe na mtindo wa faili zirekebishwe katika kila kompyuta kwa mkono, mara moja, na mtu mmoja.

Tena makarani wasome folda hiyo tu, wasiweze kuandika ndani yake. Mwenye ruhusa ya kuandika awe mmoja, aliyeteuliwa na Kamati, na kila abadilishapo kitu aandike siku na sababu. Makro ni amri. Folda ambayo kila mtu aweza kutia amri ndani yake ni kama ghala lisilo na kitasa.

Wako watakaosema: mkiweka faili moja, likikosewa, si tutakosea sote? Ni kweli. Lakini kosa la wote huonekana upesi, na husahihishwa mara moja; kosa lililojificha katika kompyuta moja huweza kula msimu mzima. Hata hivyo twashauri kila Jumatatu asubuhi, kabla dirisha halijafunguliwa, kila karani aandike mzigo mmoja wa kujaribia ambao jumla yake yajulikana, kisha abadilishe kilo na kutazama kama fedha nayo yabadilika. Kazi hiyo haichukui muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Wengine watauliza: mtandao ukikatika je? Iwepo nakala katika kila kompyuta, imeandikwa tarehe yake, na itumike siku hiyo tu.

Ndugu wanachama, mwenzetu alipata haki yake kwa sababu alijua kuhesabu. Je, wangapi walikunja stakabadhi zao wakaondoka? Twaiomba Kamati iamrishe stakabadhi zote za msimu ule zihesabiwe upya, na mwenye kupunjwa alipwe. Kisha jambo la folda lipitishwe kabla karafuu mpya hazijaanza kushuka majamvini. Nanyi mkipewa karatasi dirishani, zidisheni wenyewe kilo kwa bei kabla ya kuondoka. Karani mwema hatachukia.