Baruapepe Nayo Hupigiwa Hodi



Mwenzetu mmoja alikuwa akisubiri majibu ya vipimo kutoka hospitali. Yakaja kwa baruapepe, na simu wakati huo anayo bintiye wa miaka saba. Mtoto, kwa furaha ya kujua kusoma, akayasoma kwa sauti sebuleni, wageni wamekaa. Alhamdulillahi yalikuwa ya kheri, lakini mwenzetu haya zilimjaa, hata hakujua atazame wapi.

Mtoto akagombezwa. Baadaye tukajiuliza: nani aliyemwambia kuwa ile ni barua? Kwake yeye simu ni katuni na picha tu.

Sisi tunaona mtoto akishajua kushika simu, basi na afahamishwe baruapepe ni kitu gani. Wala hapahitajiki maneno makubwa. Mwambie: zamani bibi akitaka kumjuulisha dada yake wa Pemba khabari, akiandika barua, akaitia bahasha, akampa mtu anayepanda boti. Leo anaandika kwenye simu. Barua inapita kwenye mnara na nyaya, inafika kwenye kompyuta inayofanya kazi ya posta, inamngoja mwenyewe aifungue. Akiuliza ile alama ya @, mwambie kabla yake ni jina la mtu, baada yake ni jina la posta inayomwekea barua zake. Mmarekani Ray Tomlinson ndiye aliyeanza kuitumia hivyo mwaka 1971. Kisha andikeni pamoja barua ya salamu kwa shangazi, aibonyeze mwenyewe iende, asubiri majibu. Hapo ataelewa.

Lakini elimu hiyo bila adabu haijatimia. Barua ina mwenyewe, haifunguliwi bila ruhusa. Ikishakwenda, ukiifuta kwako, kwa mwenzako ipo. Na inayotoka kwa mtu asiyemjua asiijibu, amwite mama.

Haya si mageni kwetu. Katika Surat An-Nur, aya ya 58, watoto ambao hawajabaleghe wameamrishwa waombe ruhusa nyakati tatu kabla ya kuingia kwa wakubwa wao. Tunawafundisha hodi ya mlangoni. Tuwafundishe na hii ya simu.

Ila tuambizane ukweli. Sisi wenyewe huchukua simu za waume zetu na dada zetu tukazipekua, na barua tuliyoletewa kwa siri tukamwonesha shoga. Mtoto yupo pembeni anatutazama. Atashika lipi, tunalosema au tunalolitenda?

Yule binti hakukatazwa simu. Alikalishwa akaelezwa, na mama yake akamwomba radhi kwa kumgombeza. Siku hizi simu ikilia huileta mbio na kusema, "Mama, hodi! Una barua."