Nani Kasema Mbagala Haitaki Hadithi za Anga?

Studio za Dar es Salaam zina imani moja ambayo haihojiwi: msikilizaji wa Mbagala anataka mapenzi, uchawi na umbea, vyombo vya anga mpelekee Mzungu. Nimeisikia kwa watangazaji, kwa waandaaji wa podikasti, hata kwa waandishi wenzangu ambao usiku, wakiwa peke yao, wanasikiliza hadithi hizohizo za anga. Ni uzushi, tena uzushi wa dharau.

Chukua mchezo wa redio wa Douglas Adams, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, ulioanza kurushwa na BBC Radio 4 Machi 1978, kabla haujawa kitabu. Unaanzaje? Arthur Dent anaamka na kukuta tingatinga nje: nyumba ibomolewe, barabara ipite. Analalamika hakuarifiwa. Anajibiwa kwamba ramani zilikuwa ofisini muda wote, ni yeye tu hakwenda kuzitazama. Ubishi haujapoa, meli za viumbe wa mbali zinatanda angani na kutangaza kuwa Dunia nzima nayo inavunjwa kupisha barabara ya anga. Ramani? Zilibandikwa miaka 50 huko Alpha Centauri, mngekwenda kuzisoma.

Haya, mwambie mkazi wa Mkwajuni, Kinondoni, kwamba hayo hayamhusu. Desemba 2015 bomoabomoa ilishuka Bonde la Msimbazi, na nyumba zilizopigwa X nyekundu ya kubomolewa zikalala chini. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Kimara, Barabara ya Morogoro ipanuliwe. Mtu aliyewahi kutoka asubuhi akakuta X ukutani kwake hahitaji kufafanuliwa utani wa Adams. Atacheka kabla ya Mwingereza, kisha ataguna. Kwa anayekifahamu Kiingereza, nausifu mchezo huo bila kusita: atafute vipindi 6 vya mwanzo, asikilize hata ndani ya daladala, foleni ya Kilwa Road inatosha.

Nitaambiwa kikwazo ni sayansi yenyewe, kwamba watu wataachwa njiani. Pita Keko mchana. Fundi anapiga msasa mguu wa kitanda, simu ameiegemeza kwenye kopo la gundi, kioo kimejaa vumbi la mbao, na ndani yake msimulizi anaeleza jinsi jini mahaba alivyovuka bahari kwa kufumba na kufumbua akamfuata binti wa watu Tanga. Sehemu ya 14 hiyo, na fundi hakuruka hata moja. Mteja akipiga, anamjibu kwa mkato arudi kwa jini wake. Masikio haya ndiyo yatakayokwama kwenye roketi?

Waliokwama ni waandaaji. Tangu Radio Tanzania ianzishe mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, na yule dereva wa lori Mkwaju, michezo yetu mingi ya redio imelipiwa na wenye ujumbe: uzazi wa mpango, Ukimwi, na mengineyo. Ule ulikuwa mchezo mzuri. (Wasikilizaji wa Dodoma walinyimwa kwa miaka 2 ili watafiti wapate wa kulinganisha nao, hilo peke yake ni hadithi ya kisayansi.) Lakini umetuzalia kizazi cha waandaaji wasioweza kuandika mhusika bila kumfunga somo shingoni. Gharama nayo si hoja. Sinema ya anga hula mabilioni. Sauti inataka mfuniko wa sufuria, feni mbovu na mwigizaji anayejua kuogopa.

Wala hadithi hazijakosekana. Katama Mkangi, Mkenya aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995: Dzombo anahukumiwa kifo, anafungiwa kwenye chombo cha kwenda kumpoteza angani, naye anajifunza kukiendesha humohumo. Vipindi vitatu vya kwanza hivyo, vimeshajiandika.

Anayetaka cha nyumbani zaidi akumbuke Novemba 2024, Benki Kuu ilipotoa orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zisizo na leseni. Kausha damu ya kidijitali, inayochota namba zako zote na kumtangazia mama mkwe kwamba unadaiwa. Isogeze miaka 20 mbele, iweke Tandika. Mama ntilie anakopa mtaji wa mchele. Wiki ya pili anachelewesha rejesho, na programu inampigia kumdai kwa sauti ya marehemu mumewe.