Deni Lina Daftari Lake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

 Mwaka huu tumeona tuseme juu ya deni, kwa sababu wengi wa wanafunzi wetu wa darasa la juu wanakaribia miaka 18. Wakishapata kitambulisho na laini ya simu kwa majina yao, mlango wa mkopo umefunguka, na hapana mzee wa kuwashika mkono.

Kukopa si jambo geni kwetu. Mwenye duka la mtaani ana daftari lake. Anayelipa siku aliyoahidi hupewa tena unga na mafuta hata kama mfukoni hana kitu. Asiyelipa huambiwa leo hakuna. Siku hizi daftari hilo limekuwa la nchi nzima. Hapa Kenya ziko taasisi za kumbukumbu za mikopo, maarufu kama CRB, zinazopokea habari za wakopaji kutoka mabenki na wakopeshaji wengine. Kanuni za mwaka 2013 ziliwezesha habari njema na mbaya zote kuandikwa. Kwa hivyo anayelipa vizuri naye hujijengea jina, sawa na yule wa dukani.

Lakini daftari hili halisahau upesi. Habari ya deni lililokwama hubaki miaka 5 tangu siku deni lilipomalizwa kulipwa. Kijana aliyepuuza mkopo wa shilingi 2,000 akiwa na miaka 19, akaulipa akiwa na miaka 22, doa hilo atakuwa nalo mpaka afike miaka 27. Huo ndio umri wa kutafuta kazi, kufungua biashara na kuoa. Na vijana wengi wanaoomba kazi wamekuwa wakitakiwa kuonyesha cheti cha CRB.

Wako wanaosema kwamba mambo haya ni ya mabenki ya riba, Muislamu hayamhusu. Sisi hatukubaliani nao. Ni kweli riba ni haramu, na tunawaonya vijana wetu: mkopo wa simu ukiitwa wenye ada, ada ikapanda kadiri ya pesa unazochukua, jina limebadilika tu. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, aliyekopa shilingi 1,000 kwa mwezi alirudisha 1,075. Kaeni mbali nayo. Lakini mabenki ya Kiislamu, ambayo yamekuwepo nchini tangu mwaka 2008, nayo huuza kwa murabaha kwa malipo ya kila mwezi, na huangalia kama mteja ni mlipaji. Anayetaka njia ya halali naye anahitaji jina safi.

Jambo linalotusikitisha zaidi ni kijana anayekopa, kisha akasema: "Mkopo wenyewe ni wa riba, siulipi." Huku ni kuifanya dini ngao ya dhuluma. Katika Surat al-Baqara, aya ya 279 inayotoa onyo kali juu ya riba inamhifadhia mdai rasilimali yake. Toba ya riba ni kutoichukua tena, si kula mali ya mtu. Aliyekwisha kuingia na amalize deni lake, atoke, wala asirudi.

Deni ni haki ya mja. Mtume (S.A.W.) alijizuia kumswalia maiti aliyeacha deni, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua juu yake. Na yeye mwenyewe alipokopa ngamia, alilipa ngamia bora kuliko yule. Huo ndio mfano wetu, hata kama pasingekuwa na CRB.

Basi tushike haya machache. Kwanza, tusikope kwa anasa. Wazee walishasema, kukopa harusi, kulipa matanga. Pili, tuandike kila deni kama inavyoagiza aya ya 282 ya sura hiyo hiyo, na tuhifadhi ujumbe wa malipo. Tatu, mambo yakikaza, tumwendee mdai kabla ya siku kufika. Aya ya 280 imeagiza mwenye dhiki apewe muda, lakini mwenye uwezo anayechelewesha anadhulumu. Nne, tusimwazimishe mtu kitambulisho wala laini, wala tusiweke sahihi ya udhamini kwa kuona haya. Mwenzio akishindwa, mlipaji ni wewe. Tano, kila mwaka mtu ana haki ya kupata ripoti yake ya CRB mara moja bila malipo. Aitake, aisome, na akikuta kosa alalamike kwa maandishi.

Nanyi wazazi wetu, tunawaomba kwa heshima. Msichukue mkopo kwa laini ya mtoto baada ya jina lenu kufungwa. Mnamrithisha mtoto deni nanyi mko hai. Tena mdai akibisha hodi, msimtume mtoto akaseme, "Baba hayupo." Hapo mtoto amefundishwa mambo mawili kwa wakati mmoja: kusema uongo na kukimbia deni. Sisi madrasani tunakaa naye saa chache tu. Somo la nyumbani ndilo linalokaa moyoni. Afadhali atoke baba mwenyewe, aseme, "Leo sina, nipe mpaka Ijumaa," na Ijumaa ikifika alipe mbele ya mwanawe.

Dawa ya deni ni kulipa. Tukianza na shilingi 20 za kalamu tuliyokopa kwa mwenzetu darasani, hata zile kubwa hazitatushinda, inshallah.

Mwenyezi Mungu atukinge na uzito wa madeni, atutosheleze na halali yake, na atujaalie tukutane naye tukiwa hatudaiwi na mtu. Amin.

Wabillahi tawfiq.