Mbuzi mwenye mimba ya kwanza asisahauliwe



Juma lililopita tulimaliza habari ya kibanda. Sasa vikundi vitatu vimeleta swali moja: mbuzi wetu wa maziwa amepandwa, tumbo linaanza kuonekana, tumtunze namna gani mpaka azae? Nimefurahi, kwa sababu mara nyingi swali linanifikia mbuzi akiwa tayari amelala chini na hasimami.

Nitasema hasa juu ya yule anayezaa kwa mara ya kwanza. Mbuzi aliyezaa mara mbili au tatu anajua kazi yake na sisi tunamjua. Huyu wa kwanza hatujui maziwa yake, yeye hajui mikono yetu, na mwili wake bado unakua. Analisha walio tumboni na papo hapo anajenga mifupa yake mwenyewe. Tena, katika vikundi vyetu si mali ya mama mmoja: mtoto jike wa kwanza anaenda kwa mama anayefuata kwenye orodha. Uzazi ukiharibika, nyumba mbili zinakosa, na ya tatu inaendelea kungoja.

Lakini angalieni tunavyofanya. Mbuzi anayekamuliwa anapewa majani ya viazi vitamu, pumba na chumvi. Yule mwenye mimba ya kwanza amefungwa kamba pembeni ya shamba, anakula anachokipata, kwa kuwa «hajaleta kitu bado». Hiyo ndiyo hesabu inayotuangusha. Maziwa mtakayokamua baada ya kuzaa yanatayarishwa sasa, wakati kopo lingali tupu.

Tuanze na daftari. Mimba ya mbuzi inachukua siku 150 hivi, yaani miezi mitano, na siku chache zinaweza kupungua au kuzidi. Siku beberu alipompanda iandikwe. Akipandwa tarehe 10 Aprili, mtarajie kuzaa karibu na tarehe 7 Septemba. Watoto wa masomo wanaweza kufanya hesabu hiyo kwa kalenda. Mimi ninaitumia darasani, na hakuna zoezi wanalolipenda zaidi.

Huku kwetu katika milima ya Kivu ya Kusini, kuzaa Septemba ni kuzuri, mvua inarudi na majani yanaota. Ila fikirini nyuma kidogo. Miezi miwili ya mwisho ya mimba hiyo ni Julai na Agosti, kiangazi kabisa, vilima vimekauka. Na ni katika miezi hiyo miwili watoto wa mbuzi wanakua mbio: zaidi ya nusu ya uzito watakaozaliwa nao wanaupata katika majuma sita hadi nane ya mwisho. Kiwele nacho kinajengwa wakati huo huo. Kwa hiyo mama asiyeweka akiba ya chakula mwezi wa tano atakuwa na mbuzi mwenye njaa katika siku zile anazohitaji zaidi.

Akiba si lazima iwe ya fedha. Mkivuna maharagwe na karanga, msichome mabua na majani yake. Yakausheni vizuri, myafunge mafungu, myatundike chini ya paa pasipofika mvua. Panya asikojolee. Setaria na matete yaliyopandwa kwenye kingo za mashamba kuzuia udongo yakatwe yakiwa machanga, kabla hayajawa magumu kama fimbo. Kaliandra inabaki na majani mabichi hata kiangazi, nayo ina nguvu ya kujenga mwili. Mwenye miti kumi ya kaliandra karibu na nyumba ana bahati. Migomba inasaidia pia, majani na shina lililokatwakatwa, lakini shina la mgomba ni maji zaidi kuliko chakula. Lisiwe mlo peke yake.

Mbuzi mwenye kilo 35 anahitaji kilo tatu na nusu au nne za majani mabichi kwa siku, akute zaidi ya anachoweza kumaliza, maana mbuzi anachagua. Mwezi wa mwisho tumbo limejaa watoto na nafasi ya chakula imepungua. Mgawieni mara tatu au nne kwa siku badala ya lundo moja asubuhi. Hapo ndipo mnaanza pia kumpa pumba za mahindi au mpunga zilizochanganywa na soja iliyokaangwa na kusagwa: konzi moja kwanza, mkiongeza polepole kwa majuma matatu mpaka karibu gramu 300 kwa siku. Msimpe kopo zima kwa ghafla, tumbo litamvimba. Na msimnenepeshe tangu mwanzo wa mimba. Mbuzi mnene sana anapata taabu wakati wa kuzaa sawa na aliyekonda.

Likizo kubwa ya watoto inaangukia Julai na Agosti. Nasema kama mwalimu: kukata majani saa moja kila asubuhi hakumwibii mtoto likizo yake. Lakini mgawieni mvulana na msichana sawasawa. Nimechoka kuona wasichana wakirudi Septemba wamechoka kuliko walivyoondoka.

Kuna majani ya kukataza. La kwanza ni la avoka. Karibu kila nyumba ina mti wa avoka, na watoto wanaona ni rahisi kuvunja tawi. Majani yake yanaweza kuharibu kiwele, kukausha maziwa, hata kudhuru moyo wa mbuzi. La pili ni majani mabichi ya mihogo, zaidi ile michungu, kwa ajili ya sumu ambayo sisi wenyewe tunaitoa kwa kutwanga na kupika sombe. Yanikwe juani yakauke vizuri kwanza, na hata hivyo apewe kidogo.

Maji safi yawepo mchana kutwa. Najua maji yanatoka mbali, na mama ndiye anayeyabeba. Lakini mbuzi asiyekunywa hali, na baada ya kuzaa hatatoa maziwa. Chumvi iwe ile ya jikoni yenye iodini, konzi ndogo ya kulamba. Ukosefu wa iodini umejulikana zamani katika eneo letu. Rovu za kisiwa cha Idjwi zilichunguzwa na waganga tangu miaka ya 1960. Mbuzi naye akikosa iodini anaweza kuzaa watoto wenye shingo zilizovimba, dhaifu, au waliokufa.

Tazameni ukubwa wake pia. Mbuzi wetu wa kienyeji ni mdogo. Akipandwa angali mtoto, tena na beberu mkubwa wa aina ya Alpine au Saanen, mtoto anaweza kuwa mkubwa kuliko mlango. Tukingoja mpaka jike afikie theluthi mbili za uzito wa mbuzi mzima, tunapunguza hatari hiyo. Kama amekwisha kupandwa akiwa mdogo, mjulisheni veterineri mapema, msingoje usiku wa kuzaa.

Neno juu ya dawa za minyoo. Sokoni zinauzwa kama pipi. Baadhi yake, kama albendazole, zinaweza kuharibu mimba katika mwezi wa kwanza. Mwambieni veterineri siku aliyopandwa, yeye achague dawa na kipimo. Mwulizeni pia juu ya chanjo zinazopatikana.

Kuna ugonjwa mmoja wa mwisho wa mimba ambao unamkamata mbuzi aliyebeba watoto wawili au watatu na hali ya kutosha. Anaanza kukataa pumba, kisha majani. Anajitenga, anainamisha kichwa, anayumba, anasaga meno, na pumzi yake inanuka tamu kama tunda lililoiva kupita kiasi. Msiseme «amechoka kwa mimba». Mtumeni mtu kwa veterineri siku hiyo hiyo. Huku mkimngoja, kama bado anameza mwenyewe, mpeni maji yenye sukari au asali kidogo kidogo, na majani mororo anayoyapenda. Akiwa hamezi, msimimine kitu kinywani, kitaingia mapafuni.

Miezi hiyo miwili ndiyo pia ya kumfundisha mikono. Kila jioni mama atakayemkamua amkune mgongo, ashuke tumboni, aguse kiwele kwa upole, amsimamishe pale atakapokamuliwa na kumpa konzi yake ya pumba hapo hapo. Mguso tu, msimkamue. Maziwa ya kwanza, dang'a, ni ya watoto wake. Nimeona mbuzi mwenye maziwa mengi akichinjwa kwa kuwa alipiga mateke kila asubuhi. Hakuna aliyemfundisha.

Atengwe na mbuzi wanaopigana pembe. Asifungwe kamba kwenye mteremko, maana akiteleza anaweza kujinyonga au kutoa mimba.

Siku zikikaribia, kiwele kinajaa na kung'aa, nyama za pande mbili za mkia zinalegea, ute unatoka, naye anaparua sakafu na kuita. Wekeni majani makavu safi. Mara nyingi atajizalia mwenyewe: miguu miwili ya mbele na pua juu yake. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu kuonekana, au ukaonekana mkia au mguu mmoja, huo ni wakati wa kuita mjuzi. Mtoto apanguswe pua, kitovu kichovywe katika dawa ya iodini, anyonye dang'a katika saa ya kwanza. Kondo la nyuma lisivutwe. Likibaki zaidi ya saa 12, mwiteni veterineri.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, zaidi wamama wachanga. Mama mwenye mimba asimsaidie mbuzi kuzaa. Asiguse kondo, wala damu, wala mtoto wa mbuzi aliyetoka kabla ya wakati. Katika uchafu huo kunaweza kuwa na magonjwa, kama bruselosi, yanayohama kutoka kwa mbuzi mpaka kwa mtu, na mengine yanaweza kuharibu mimba ya mwanamke. Katika kikundi mchague mapema nani atakesha, awe asiye na mimba, avae mifuko ya plastiki mikononi kama glavu hazipo, na anawe kwa sabuni. Kondo lizikwe shimo refu mbali na mbwa. Mbuzi akitoa mimba, mpeni veterineri habari, hata kama mbuzi mwenyewe anaonekana mzima.

Limebaki jambo la bei, nalo si la muganga wa wanyama. Mbuzi mwenye mimba kubwa anaonekana mnene, na wafanyabiashara wanamtaka. Septemba ndiyo hiyo, minervali ya sekondari inadaiwa, na baba wa nyumba anaona fedha zimesimama kwenye kibanda. Simlaumu, ada ni ada. Ila tufanye hesabu pamoja naye kabla ya Agosti, kwenye mkutano, naye akiwepo, daftari likiwa wazi: mtoto jike mmoja anadaiwa na kikundi, mwingine akizaliwa ni wa nyumba, na maziwa ni ya miezi kadhaa. Kikundi kiandike kwamba mbuzi wa mzunguko hauzwi kabla ya kuzaa, na baba atie sahihi pamoja na mama. Palipoandikwa hivyo, ugomvi umepungua.

Kuhusu maziwa yenyewe: siku nne au tano za kwanza waachieni watoto wa mbuzi. Baadaye, yatakayoingia nyumbani yachemshwe daima, hata kama bibi alikunywa mabichi maisha yake yote. Mtoto mchanga aliye chini ya miezi sita anyonye kwa mama yake tu. Aliye mkubwa, zaidi yule aliyeachishwa ziwa kwa kuwa mdogo wake amekuja, na ambaye tunaogopa apate bwaki, awekewe kikombe chake ndani ya uji kabla ya kupima ya kuuza.

Juma lijalo ni kukamua. Njooni na kitambaa safi na ndoo yenye mfuniko.