Wafu Wenye Majina na Wasio na Majina



Wapendwa, likizoni tulizuru kisiwa cha Chapwani, Zanzibar, walikozikwa mabaharia wa Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Tuliwaombea pumziko la milele.

Lakini wako wapi wapagazi wa Kiafrika? Kwa upande wa Waingereza peke yake walikufa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na njaa. Hawakuwekewa msalaba wala jina.

Wapo wasemao, “Vilikuwa vita vya Wazungu.” Tunakataa! Mizigo ilibebwa na mabega ya babu zetu.

Basi hapa Mtinko tuwaulize wazee, tuandike majina, na Novemba, mwezi wa marehemu, tuyalete altareni.