Kijana Atakaye Kuwa Dereva wa Mashindano



Wazee wengi wa hapa Mwanza wakisikia mtoto asema atakuwa dereva wa mashindano, husema papo hapo kuwa huo ni uhuni. Mimi naona yafaa kwanza kuitazama tabia ya mtoto mwenyewe.

Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika nchi zetu za Afrika Mashariki, hayakuwa ya mwendo wa kasi tu. Ilikuwa ni maelfu ya kilomita za tope na vumbi, usiku na mchana. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mara 3: mwaka 1965, 1974 na 1976. Huyo alikuwa fundi wa magari kabla hajasifiwa na mtu, na ile Volvo yake ya mwaka 1965 haikuwa mpya, ilikwisha tumika. Nduguye Jaswant aliketi ubavuni akimwongoza njia. (Vijana wetu hupenda kumsahau huyu wa ubavuni.) Naye Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo wengi wetu tulilipanda kwenda harusini.

Mzee mmoja wa Kirumba aliniletea mwanawe wa miaka 16 nimkanye kwa ajili ya ndoto hiyo. Nikauliza, "Akianza kazi, huimaliza?" Mzee akasema, "Kumaliza ndiko kunakomshinda, Maalim." Nikamgeukia kijana nikamwuliza breki hulisimamishaje gari. Akainamisha kichwa.

"Basi," nikamwambia, "ukalijue hilo kwanza, mwanangu."

Ama wale wanaoshindana kwa pikipiki usiku katika barabara zetu, bila kofia ngumu, hao hawajifunzi udereva hata kidogo. Wanaichezea amana ya nafsi zao, na ya mama auzaye dagaa kando ya njia.

Kwa akina baba nasema hivi: msimwite mtoto mhuni mbele ya wageni. Amalize kidato cha nne, kisha apelekwe VETA akasomee ufundi wa magari. Leseni ya gari haitolewi kabla ya miaka 18, kwa hiyo muda upo, na gereji za mji huu hazikosi vipuri vya kuosha siku ya Jumamosi.