Mfungwa, Mlowezi na Mwenye Nchi

Yako maneno mawili ambayo mwalimu wa historia hana budi kuyapekua kabla hajayaandika ubaoni: "kugundua" na "mlowezi". Hilo la kwanza tumekwisha kulipiga vita katika habari za Afrika. Hakuna mwanafunzi asiyejua kuwa ziwa alilolipa Speke jina la malkia wake mwaka 1858 lilikuwa na wavuvi wake, na lilikuwa na majina yake. Lakini tukivuka bahari tunajisahau. Twasema, tena bila haya, kwamba James Cook aligundua pwani ya mashariki ya Australia mwaka 1770. Je, wale waliosimama ufukoni wakiitazama merikebu yake walikuwa nani? Wahenga wao walikuwa wameishi katika bara lile kwa miaka ipatayo 50,000 au zaidi, na lugha zao zilizidi 200.

Neno la pili lina upole unaodanganya. Kulowea ni kuhamia mahali na kukaa mpaka ukawa mwenyeji. Katika desturi zetu anayelowea huomba, huonyeshwa mipaka, kisha hupewa mahali pa kulima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe hilo hutolewa na mwenyeji. Gavana Arthur Phillip, aliyefika na merikebu 11 na kutweka bendera pale Sydney tarehe 26 Januari 1788, hakumwomba mtu jembe wala mpaka.

Shehena kubwa ya merikebu hizo ilikuwa wafungwa. Uingereza ilizoea kuwatupa wahalifu wake katika makoloni ya Marekani. Makoloni hayo yalipoasi, magereza yalifurika, na watu wakafungiwa ndani ya merikebu chakavu katika mto Thames. Tangu 1788 hadi 1868 wafungwa wapatao 162,000 walipelekwa Australia. Wengi wao walikuwa wezi wa vitu vidogo, makabwela wa miji na mashamba. Mwaka 1834 wakulima vibarua sita wa Tolpuddle walipelekwa huko kwa kosa la kula kiapo cha chama chao cha wafanyakazi. Walifungwa minyororo, walichapwa mijeledi, na wengi waligawiwa kwa mabwana wakafanye kazi bila ujira. Anayesoma habari hizi asiwahurumie ana moyo wa jiwe.

Na huruma hiyo ndiyo inayotumiwa kutufumba macho. Wako waandishi wanaosimulia Australia kama hadithi ya wanyonge waliotupwa nyikani wakajenga taifa kwa jasho lao. Jasho lilikuwapo, sikatai. Lakini tuulize walilipwa nini. Phillip aliagizwa kwamba mfungwa aliyeachiliwa huru apewe eka 30, akiwa na mke aongezewe 20, na 10 kwa kila mtoto. Basi mtu aliyehukumiwa Uingereza kwa kuiba saa au kitambaa alitunukiwa, kwa sababu ya tabia njema, mali ya wizi! Pemulwuy wa Wabidjigal aliufahamu wizi huo mapema. Alipigana nao kwa miaka 12 hivi, hata alipouawa mwaka 1802 kichwa chake kikapelekwa Uingereza.

Tarehe 10 Juni 1838, mahali paitwapo Myall Creek, watu 12 waliopanda farasi waliwafunga kamba Waaborijini wasiopungua 28 waliokuwa wamepiga kambi katika malisho yale kwa amani. Wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee. Waliwaua, kisha wakaichoma maiti. Kati ya wauaji hao 11 walikuwa wafungwa au waliopata kuwa wafungwa. Wa kumi na mbili, John Fleming, alikuwa mlowezi huru, mtoto wa mwenye mali. Baraza la kwanza la wazee wa mahakama liliwaachilia wote 11. Walipofikishwa tena mahakamani, saba walinyongwa mwezi Desemba. Fleming alitoroka, wala hakushitakiwa kamwe.

Ati wapo wanaoitaja hukumu hii kuwa ushahidi wa uadilifu wa sheria ya Kiingereza. Uadilifu gani huo, unaomnyonga mtumwa na kumwachia bwana? Walowezi wenyewe walipiga kelele kwamba mzungu anyongweje kwa ajili ya mtu mweusi. Wala nisieleweke vibaya: wale saba walistahili kuhukumiwa. Kusema mfungwa alikuwa chombo tu cha wakubwa ni kumvua utu wake, na George Anderson anatukataza. Huyu naye alikuwa mfungwa, mlinzi wa kibanda palepale Myall Creek, asiye na silaha wala cheo. Alikataa kushiriki, kisha akasimama mahakamani kuwashuhudilia wafungwa wenzake. Kama yeye aliweza, wengine nao wangaliweza.

Mjeledi na bunduki vilikuwa na mlezi wao, nayo ni sheria. Waingereza walilishughulikia bara lile kana kwamba halikuwa na mwenyewe. Hapa ndipo habari hizi zinapotugusa sisi. Sheria ya ardhi ya Kenya ya mwaka 1915 iliihesabu hata ardhi waliyoikalia Waafrika kuwa ya Mfalme, na mwaka 1921 mahakama ikatamka kuwa wao ni wapangaji tu, wa kuondolewa wakati wowote. Tanganyika nayo, kwa sheria ya mwaka 1923, ardhi yote, yenye watu na isiyo na watu, iliwekwa chini ya mamlaka ya Gavana.

Huko Australia uongo huo ulidumu zaidi ya karne mbili. Ulivunjwa na watu wa kisiwa kidogo cha Mer, ambako kila shamba lina mwenyewe na kila mpaka una jina lake. Eddie Mabo na wenzake walifungua kesi mwaka 1982, na tarehe 3 Juni 1992 Mahakama Kuu ikakiri kuwa ardhi ile haikuwa tupu Waingereza walipofika. Mabo hakuisikia hukumu hiyo. Alifariki Januari mwaka huohuo.